Fungulia Kule

Chupa ya papa Damien ilikuwa tayari mezani, imefunguliwa, na glasi imegeuzwa juu ya mdomo wake ili nzi wasiingie, Hénoc alipoingia uwanjani na simu mkononi. Hénoc ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa kelele, ambaye kwa kawaida husikika tangu kona ya barabara akidai bia yake kabla hajaonekana. Siku hiyo aliingia kimya. Honorine, mwenye baa, alidhani wamemfukuza kazi.

"Mama Graciella," alisema Hénoc, "papa Damien alikufa."

Honorine alicheka. Mwaka uliopita Damien alikuwa amemtuma mtu aje kusema kwamba amekamatwa mpakani Kasumbalesa kwa kosa la kunuka samaki, na baa nzima ikahangaika mpaka yeye mwenyewe alipotokea amevaa shati jipya. Kwa hiyo alicheka, akaendelea kupangusa kaunta.

"Mwambie akuye, sucré yake iko inapata moto."

"Mama, sichezi." Hénoc alinyoosha simu kana kwamba ni kitambulisho. "Nilitoka kazi, nilipita kwake kutwaa telefone yangu. Nilikuta bantu beko banalia. Bibi yake njo aliniletea telefone mpaka kwa mulango. Iko na charge yote. Alinichargia telefone, mama, kisha alikufa."

Hapo Honorine alielewa. Aliketi juu ya kreti tupu, na binti yake Graciella aliyekuwa akifagia upande wa pili akaja mbio akidhani mama yake ameanguka. Mtu alikuwa ameondoka pale jana jioni, anatembea kwa miguu yake miwili, anamtania Paulin, mume wa Honorine, juu ya redio yake mbovu. Leo Honorine anaambiwa hayupo. Akili yake ilikataa, kama tumbo linavyokataa chakula.

Simu ya Hénoc haikuwa kwa Damien kwa bahati. Katika baa ile ndogo ya mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi, iliyojengwa mbele ya nyumba ya Honorine na Paulin, Damien ndiye aliyekuwa mteja pekee asiyegusa bia. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mprotestanti wa kanisa kali, mwenye magari mawili ya kusomba samaki kutoka Kasenga. Alikuja kila jioni kunywa sucré moja, soda nyekundu, na kuzungumza. Kwa kuwa yeye peke yake aliondoka na akili zote, wenzake walimwachia simu zao, funguo zao, siku nyingine viatu vyao, kabla bia haijawazidi. Kesho yake alirudisha kila kitu kwa mwenyewe, pamoja na hotuba fupi. Walimwita Papa Bitoyo, kwa jina la samaki wa chumvi, naye aliitika.

"Nitoshe ile chupa kwa meza?" Graciella aliuliza.

"Usiiguse," alisema mama yake.

Ilibaki mezani mpaka povu lake lote likaisha.

Inafaa kueleza habari ya chupa hiyo, maana yote yaliyofuata yalitoka humo.

Lubumbashi, kinywaji hufunguliwa mbele ya macho ya anayekinywa. Unaletewa chupa na kizibo chake, unaishika kujua kama ina baridi, unakitazama kizibo, unaitikia kwa kichwa, ndipo mhudumu anafungua. Chupa iliyofunguliwa mbali ni chupa ya kumwaga. Hakuna anayekueleza sababu, maana kila mtu ana shangazi au jirani aliyekunywa kitu mahali fulani na hakuamka. Na wale waliotoka Butembo huchukua tahadhari hiyo mara mbili. Damien, miaka yake ya kwanza pale, alikishika kizibo, akapangusa mdomo wa chupa kwa leso, akamimina kidogo chini, kisha ndipo akanywa. Wenzake walimcheka. Yeye alijibu kwamba waliocheka huko kwao walikwisha kuzikwa.

Halafu mama yake Honorine alifariki huko Kongolo. Habari ilifika asubuhi, treni haikuwepo, na jioni baa ilibidi ifunguliwe kwa sababu vinywaji vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa kwa mkopo. Honorine alihudumia huku macho yamevimba. Katika kuchanganyikiwa huko alifungua soda ya Damien kwenye kaunta, mgongo umemgeukia, akamletea ikiwa wazi. Alikuwa amekwisha kuiweka mezani alipogundua. Akaomba msamaha, akanyoosha mkono aiondoe.

Damien alimzuia. Aliitazama chupa, akamtazama yeye, akanywa mpaka nusu bila kupumua.

"Mutu mwenye anafungula bar siku mama yake anakufa," alisema, "hana tena nguvu ya kuua mutu mwingine. Kuanzia leo, mama, fungulia kule."

Watu walipiga meza kwa vicheko. Lakini kesho yake alisema vilevile, na kesho kutwa, mpaka maneno yakawa hayahitajiki. Ilipokaribia saa yake, Honorine alifungua soda kwenye kaunta, akaifunika kwa glasi, akaiweka mezani imsubiri. Wateja wapya walipoiona waliuliza, na wazee wa pale walieleza kwa fahari kana kwamba wao ndio walioaminiwa. Honorine hakuwa na cheti cha shule wala cheo kanisani. Alikuwa na chupa ile.

Siku iliyofuata habari ya Hénoc, mchana, Honorine na Paulin walikwenda kilioni. Walibeba kreti mbili za sucré, si bia, kwa heshima ya kanisa la marehemu. Paulin, ambaye alikuwa ametumikia reli kama baba yake alivyoitumikia, na kama baba yake alitoka humo na kofia tu, alibeba kreti yake begani bila kulalamika. Honorine alikuwa amevaa kitenge chake cha Misa ya Pasaka.

Uwanja wa Damien ulikuwa umejaa chini ya maturubai. Kijana mwenye utepe mkononi, aliyekuwa akipanga watu, aliwauliza wanatoka kundi gani.

"Ya bar," alisema Honorine.

Kijana alitazama orodha ya makundi yake: kanisa, chama cha wafanyabiashara, watu wa Butembo, majirani. Aliwaketisha nyuma kabisa, karibu na madumu ya maji, na wanawake wawili wa kwaya wakavuta mikoba yao karibu na miguu. Honorine aliona, akameza. Hakuja kwa ajili yao.

Mdogo wa marehemu, Ézéchiel, alikuwa ameshuka kwenye ndege Luano saa chache tu zilizopita. Mtu mwembamba, macho mekundu, alikalia kiti cha mbele bila kukiegemea. Mjane, Émerance, alikuwa chini kwenye mkeka kati ya wanawake, kitambaa kimemfunika mpaka kwenye nyusi. Watu walisimama mmoja mmoja kumsema marehemu vizuri. Mchungaji alisema alikuwa nguzo. Mfanyabiashara mwenzake alisema hakuwahi kupunja kilo. Halafu mwongozaji, akitaka labda kuwafurahisha wafiwa kidogo, akauliza kama watu wa baa nao wana neno.

Honorine alisimama. Alikuwa amelifikiria neno lake usiku kucha. Alitaka kuwapa wale watu kitu ambacho mchungaji hakuwa nacho.

"Miye niko mama ya bar," alianza, na vicheko vidogo vikapita. "Papa Damien alikuwa anakunywaka sucré kwangu, moja tu, na alikuwa anatuangalilia bintu yetu yote. Sasa, munajua namna bantu ya Butembo banachungaka chupa yabo. Weye unaleta, ye anashika kizibo, anapangusa. Lakini kwangu, hapana. Kwangu alisema, mama, fungulia kule. Nilikuwa namufungulia kule kwa comptoir, haone, namuletea, anakunywa. Kila siku. Katika hii muji yote hakuna muntu mwengine mwenye alinipatiaka ile heshima."

Alingoja amina. Haikuja. Mwanamke mmoja wa kwaya aliyekuwa akipepea mtoto aliacha kupepea. Watu wa Butembo, waliokuwa wameketi pamoja upande wa kulia, walimgeukia wote. Honorine alikuwa amesema jambo zuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Sasa, katika ukimya ule, alilisikia kwa masikio yao.

"Rudilia, mama," alisema Ézéchiel polepole. "Alikuwa anakunywa chupa yenye haone ikifunguliwa?"

"Ndiyo. Ye mwenyewe alisema vile."

"Na juzi? Siku ya mwisho, alipita kwako?"

"Alipita."

"Alikunywa?"

"Alikunywa."

"Ulifungulia wapi?"

Paulin alimvuta kitenge kutoka nyuma. Kulikuwa na nafasi ya kusema uongo, ndogo, ya neno moja. Honorine alifumbua mdomo alitumie, akashindwa.

"Kule," alisema.

Hénoc, aliyekuwa amekuja nyuma yao, alisimama karibu na lango akasema kwamba daktari alikwisha kusema ni AVC, mshipa wa kichwa ulipasuka.

"Docteur aliangalia mushipa," alijibu Ézéchiel bila kumtazama. "Docteur hakuangalia chupa."

Hapo Émerance aliinua kichwa kutoka mkekani. Alimtazama Honorine kwa mara ya kwanza, na yalikuwa macho ya mtu aliyeibiwa. Honorine alisubiri aseme neno, lolote. Mjane aliinamisha kichwa tena, hakusema.

Hakuna aliyewapiga wala kuwatukana. Vijana wawili walizibeba zile kreti, hakuna chupa hata moja iliyoguswa, wakazitua nje ya lango kando ya barabara. Kijana mwenye utepe akawaambia kwa adabu kwamba familia inashukuru. Walizibeba tena mpaka nyumbani katika jua la mchana, chupa zikigongana njia nzima, na majirani waliowaona wakienda nazo waliwaona wakirudi nazo.

"Juu ya nini ulisema ile?" Paulin aliuliza walipofika.

"Juu njo ilikuwa kintu ya muzuri kupita yote," alisema Honorine, akaanza kulia, kwa Damien na kwa nafsi yake mwenyewe, na hakujua machozi yapi ni ya nani.

Siku ya maziko hawakwenda. Msafara ulipita barabara kubwa ukipiga honi, magari ya samaki mbele yakiwa yamefungwa matawi, na Honorine aliusikiliza akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi.

Baa ilipungua watu kama beseni lenye tundu. Kwanza waliacha kuja wa Butembo, jambo lililoeleweka. Halafu jirani yake Jeanne, aliyekuwa akija kila asubuhi kuomba makaa ya kuwashia moto, alianza kuyaomba mbali zaidi, akipita mbele ya lango lao na karai lake huku akitazama upande mwingine. Shirika la parokia lililokuwa likisali nyumbani kwa Honorine Jumatano lilisali kwa mtu mwingine, na aliyemletea habari alisema ni kwa sababu ya nafasi. Ézéchiel, kabla ya kurudi Butembo, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba hatamshtaki mtu yeyote, anamwachia Mungu. Hilo lilikuwa baya kuliko kushtakiwa. Mahakamani angeweza kujibu.

Hénoc aliendelea kuja. Siku moja Honorine alimletea bia na kifungulio, naye akamzuia kwa mkono, akatoa kifungulio chake mwenyewe mfukoni. Akafungua bila kuinua macho.

"Haiko miye, mama," alisema. "Ni bibi yangu. Banasema labda sumu iko kwa kifungulio."

Honorine alikitazama kile chuma kipya. Huyu ndiye aliyesimama kilioni kumtetea.

"Tufunge," Paulin alisema jioni hiyo. "Turudie Kongolo. Ndugu yangu eko na shamba."

"Tukifunga njo tumesema ni kweli. Graciella ataolewa na nani? Bataanza kusema, ni mutoto ya ule mama."

"Tukikaa tutakula nini?"

 Honorine alichokuwa nacho ni ukaidi, na asubuhi alifagia uwanja kama kawaida na kupanga viti ambavyo hakuna aliyevikalia.

Émerance alikuja baada ya wiki nyingi, jioni, saa ileile ya mumewe. Alikuwa amevaa nyeusi mpaka kwenye viatu. Mama mmoja wa kanisa lake alimsindikiza lakini akabaki ng'ambo ya barabara, maana kuingia baa hakuweza. Hénoc aliweka glasi yake chini. Jeanne, aliyekuwa akipita na karai, akasimama langoni mwa nyumba yake ya jirani.

"Mama Graciella," alisema Émerance, "kiti yake ni ipi?"

Honorine alimwonyesha. Mjane aliketi, akaulaza mkono wake juu ya meza kana kwamba anapima kama ni safi.

"Mama Émerance, miye sikumufanya kintu."

"Najua."

Neno lilitoka jepesi.

"Damien alikuwa na tension, damu kupanda," Émerance aliendelea. "Dawa namuwekea kwa meza, anaiacha. Najua yenye ilimuua. Hata shemeji Ézéchiel anajua, ni kukubali njo kunamushinda."

"Basi juu ya nini ulinyamaza?" Hasira ilimpanda Honorine ghafla, hasira ya wiki zote zile. "Neno moja, mama. Ungesema neno moja tu mbele ya bantu."

 Émerance alifungua fundo la kitambaa chini ya kidevu, akalifunga tena.

"Miaka makumi mbili nilikuwa bibi yake," alisema. "Kila siku, nikiweka bukari na samaki kwa meza, naonja mbele. Maji ya kunywa, naonja mbele. Njo vile mama yake alimufundisha. Ye ananiangalia mpaka nimeze, kisha anakula. Hata chai ya ile asubuhi alikufa. Nilionja, aliniangalia. Nilikuwa najiambia ni desturi, kila bibi kwetu anafanya. Na ile siku weye unasimama mbele ya kanisa yote, unasema kwako alikuwa anakunywa bila kuona."

Honorine aliitazama meza, mahali chupa ilipokuwa ikimsubiri Damien. 

"Sikunyamaza juu ya sumu," alisema Émerance. "Nilinyamaza juu nilisikia haya. Nilitaka bakufukuze."

Honorine aliketi kwenye kiti cha pili. Wiki zote hizo alikuwa akijitetea kichwani dhidi ya kosa la kuua, amepanga maneno, amepanga mashahidi. Kwa kosa hili jingine hakuwa amepanga kitu.

"Ilianza na kosa," alisema mwishowe. "Mama yangu alikufa, nilikuwa nalia, nikafungula bila kufikiri. Alinionea huruma. Pengine kwangu alikuwa anacheza tu."

"Usinifariji, mama. Hakuna mutu anachezaka na maisha yake." Alijipangusa pua. "Niletee sucré. Ile yake."

Honorine aliileta soda nyekundu ikiwa na kizibo, na kifungulio kando, kama anavyomletea kila mtu. Émerance alikifunika kizibo kwa kiganja.

"Hapana. Fungulia kule."

Uwanja mzima ulisikia. Honorine aliichukua chupa, akarudi kaunta, akageuza mgongo. Kifungulio kiliteleza mara mbili. Alifungua, akaifunika kwa glasi, akairudisha na kuiweka mahali pake.

Émerance alimimina. Aliinua glasi mpaka midomoni, na hapo mkono ukasimama. Wote waliuona ukisimama. Alifumba macho, akajaribu tena, na rangi nyekundu ikatikisika ndani ya glasi bila kupungua. Akaiweka chini.

"Siwezi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kushangaa, kama mtu aliyegundua kwamba mguu wake hausogei. "Najua hakuna kintu ndani. Naapa kwa Mungu, najua. Na siwezi." Alimtazama Honorine. "Ye aliweza namna gani?"

Honorine alitikisa kichwa. Hakujua. Alikuwa amemfungulia kila jioni na hakuwahi kujua kwamba ni jambo kubwa kiasi hicho.

"Onja mbele," alisema Émerance polepole. "Unisamehe, mama. Onja mbele."

Honorine aliichukua glasi, akanywa funda moja, na mjane akamtazama koo mpaka alipomeza. Yalikuwa macho ya sekunde chache tu, lakini yaliingia ndani. Ndipo alipoelewa miaka ishirini ya yule mwanamke ilikuwaje. Kisha Émerance akaichukua glasi, akanywa, akamimina iliyobaki, akanywa mpaka chupa ikaisha, huku Jeanne akitazama kutoka langoni na mama wa kanisa kutoka ng'ambo ya barabara. Aliinuka, akashika mkono wa Honorine kwa mikono yake miwili, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Jeanne alikuja na karai kuomba makaa, akizungumzia vumbi. Hénoc alikisahau kifungulio chake nyumbani, na hakukikumbuka tena. Jumapili alirudi mtu mmoja wa Butembo, kisha wawili, na Paulin akaacha kutaja Kongolo. Graciella huwaletea chupa mezani. Kila mmoja hukishika kizibo, akakitazama, akaitikia kwa kichwa, ndipo Graciella anafungua. Simu zao sasa hubaki mifukoni mwao wenyewe.

Saa ya papa Damien ikifika, Honorine bado huinuka, huitoa soda nyekundu kwenye friji na kushika kifungulio. Halafu hukumbuka, na kuirudisha ikiwa na kizibo chake.